Kitufe cha Nipimeni

Kabla sijaona chochote nilisikia chuma kikishuka juu ya karatasi: kishindo kimoja kizito, kisha kimya, kisha mnong'ono wa karatasi zikipangwa. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la Mbarara, macho yamejaa mwanga, na duka la uchapaji la Mzee Tibenda lilikuwa jeusi kama ndani ya mtungi. Nilisimama mlangoni nimeshika mfuko wangu. "Ingia, ila usiguse kitu," sauti ikasema kutoka gizani. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa kazini. Sijawahi kupewa mwongozo mfupi kuliko huo, wala kuuvunja mwongozo wowote upesi kama nilivyouvunja huo.

Nyinyi vijana wa ofisini mliniomba niandike jinsi ukurasa wa kutafuta kazi ulivyopatikana, kwa sababu mnautengeneza upya na hamjui kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipokaa. Nitaandika. Vyeo na mishahara nitavipita. Vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, nikiwa mwalimu wa darasa la tatu mwenye mwandiko mzuri. Huko kambini mwandiko mzuri ni kama kuwa na mbuzi wa maziwa: majirani wanakumbuka jina lako. Niliandika barua za watu, programu za ibada, majina juu ya misalaba ya makaburi. Mzee Tibenda, aliyekuwa akichapa kadi za harusi mjini Mbarara, aliona programu moja niliyoiandika kwa mkono akaulizia ni mashine gani iliyoichapa. Walipomwambia ni mama mmoja wa Base Camp, huko Nakivale, alisema basi huyo mama aje.

Kwake nilijifunza kuona. Alikuwa na desturi moja. Kadi ikishachapwa aliigeuza juu chini, akainyoosha mbali kwa mkono, akafinya jicho moja. "Sasa husomi," alisema. "Sasa unaangalia tu. Jicho lako limeanzia wapi?" Kama jicho halikujua pa kuanzia, kadi ilirudi mezani. Nami nilirudishiwa nyingi. Mwezi wa kwanza niliijaza kadi moja ya harusi maua ya waridi hata tarehe ikakosa nafasi, na sote wawili tukayasifu maua bila kuona kilichokosekana. Wageni wa harusi ile walifika kwa siku tatu mfululizo. Bibi harusi alinisamehe. Mama yake, hadi leo, bado anafikiria.

Kisha kompyuta ikaja, na baada ya kompyuta simu, na watu wakaanza kualikana harusi bila kadi. Sikuchagua skrini; karatasi ndiyo iliyoniacha. Mzee Tibenda alipofunga duka alinipeleka mwenyewe kwa vijana watano waliokuwa wakitengeneza kurasa za simu ghorofani, juu ya duka la vyuma. Akawaambia, "Huyu hajui mashine zenu, lakini anajua jicho linaanzia wapi." Vijana walinicheka kwa adabu, nikakaa nao mpaka nikawa mzee wao.

Miaka mingi ilipita kati ya siku hiyo na ile niliyotaka kuwasimulia, nayo ilijaa tovuti za hoteli na picha za vyumba. Nawaachia hiyo.

Mteja wetu wa ukurasa wa kazi alikuwa Afande Jovia. Alikuwa ametumikia jeshi kama karani, akastaafu, akafungua ofisi ya kuwaunganisha watu na waajiri si mbali na kambi ya jeshi, ambako hata wake wa wanajeshi walikuja kuulizia kazi. Hakuna aliyemwita kwa jina bila "Afande" mbele yake. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kimenyooka kama gwaride.

"Salome," aliniambia siku ya kwanza, "mimi nataka ukurasa ya simu. Mtu anagusa, anapata, anaenda. Maneno mingi sitaki. Hawa watu wa Nakivale wanakuja hapa kwa miguu kuuliza kama kazi iko. Mimi nasema hapana, wanarudi kwa miguu. Hiyo ni mateso."

Mchoro wa kwanza niliouleta aliuchora kwa kalamu nyekundu mpaka ukafanana na ramani ya vita. "Hii kitufe ni ndogo kama mbegu ya ulezi. Hii rangi ni ya hospitali. Hii picha ya mzungu anacheka na kompyuta, ni nani huyu? Anatafuta kazi?" Nilikasirika njia nzima ya kurudi ofisini. Nilipofika niliugeuza mchoro juu chini, nikanyoosha mkono. Jicho langu lilianzia kwa yule mzungu. Nikamwondoa.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Msianze na mashine. Nilikata boksi la sabuni umbo la simu, nikatoboa dirisha, nikachora kila skrini kwenye kipande cha karatasi ya manila. Mtu anagusa manila kwa kidole, mimi natoa kipande hiki na kuingiza kingine. Simu hiyo haikuhitaji umeme wala mtandao, na iliharibika mara moja tu, ilipotafunwa na mbuzi. Nikaipeleka Nakivale.

Wa kwanza kuigusa alikuwa Nabintu. Nilimfahamu kanisani: mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka milima iliyo juu ya Uvira, ana watoto wawili na mama mzazi, na analima mashamba ya watu. Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Nilimpa simu ya boksi. Skrini ya kwanza ilikuwa na nafasi tupu ya kuandika, na juu yake swali nililoliona zuri sana: Unatafuta kazi gani?

Aliigeuza upande huu na ule.

"Mama Salome, nijibu nini hapa?"

"Kazi unayoitaka, mwanangu."

"Ile iko."

"Ndiyo, lakini ipi?"

"Sasa miye nitajua namna gani? Ni benyewe banajua kazi gani iko. Banionyeshe, nichague." Akanirudishia boksi kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. "Na mbele ya yote, niambie ni fasi gani, ni wapi. Nitarudi nyumbani magaribi ao nitalala kule? Niko na batoto."

Mama yake, aliyekuwa akichambua maharage, alisema bila kuinua kichwa, "Hiyo simu inauliza maulizo mingi kama polisi wa mpakani."

Niliondoka Nakivale siku hiyo na ukurasa mzima umekufa mkononi mwangu, na sijui kama nimewahi kufurahi vile. Ile nafasi tupu iliondoka. Mahali pake nikaweka orodha ya kazi zilizopo, na kila kazi ikaanza na mahali: Kaberebere, jiko la shule, unarudi jioni. Biharwe, kufua mashuka ya hoteli, unalala huko. Bwizibwera, kituo cha maziwa, unalala huko. Afande aliigusa mara tatu, hakushika kalamu nyekundu. "Hii inatembea," alisema. Kwa Afande hiyo ni nishani.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolisimamia, nami nikakubali, na kosa ni langu pia. Waajiri walitaka vyeti. Basi kabla ya kitufe cha kutuma nikaweka nafasi ya picha ya cheti, na pembeni yake nyota ndogo nyekundu. Bila cheti, ukurasa hausogei. Niliipenda nyota ile. Ilikaa pale kama jicho la askari.

Tulifungua ukurasa. Baada ya wiki mbili Afande alinipigia simu. "Salome, njoo. Njoo saa hii." Nilisikia watu wakicheka nyuma yake.

Alinigeuzia kompyuta. Maombi kutoka Nakivale yalikuwa mengi, na kila ombi lilikuwa na picha ya karatasi mahali pa cheti, kama tulivyoagiza. Nilifungua ya kwanza. Ilikuwa barua ya kanisa. Nikafungua ya pili: barua ya kanisa. Ya tatu, ya nne.

Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui. Kwetu, Mkristo akihama kutoka parokia moja kwenda nyingine hubeba barua ya kumtambulisha, tunayoiita rekomandasyo. Bila hiyo unakaa nyuma kama mgeni, huimbi kwaya, hupewi meza ya Bwana. Watu waliokimbia bila viatu walikimbia na karatasi ile ndani ya nguo. Na wale ambao barua zao ziliungua, wachungaji wa Nakivale waliwaandikia mpya baada ya kuwaulizia kwa wanaowafahamu. Ilikuwa karatasi pekee iliyowahi kuwafungulia mlango. Walijua kabisa kwamba si cheti cha shule. Lakini ukurasa ulikataa kusogea bila karatasi, nao wakaupa karatasi bora waliyokuwa nayo.

"Soma hii," Afande alisema. Ilikuwa ya Nabintu, akiomba kazi ya kupima maziwa Bwizibwera. Barua ilisema: Dada yetu Nabintu ni muumini mwaminifu, ni wa ndoa moja, hana ugomvi na mtu, anaimba sauti ya kwanza.

"Mimi naomba cheti," Afande alisema, "wewe unaniletea kwaya. Huyu ataimbia maziwa?" Karani wake alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. "Msimamizi wa kituo anataka jina Ijumaa. Hii nafuta."

"Usifute," nilisema. "Nipe mpaka kesho."

Nilimkuta Nabintu shambani, jembe begani. Nilimwuliza kwa nini aliomba kazi ya maziwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana mikono.

"Nilipima maziwa myaka sita, Mama Salome. Kule kwetu, mu kituo. Makopo mia moja asubuyi. Cheti ilibaki mu nyumba, na nyumba ilibaki mu moto." Akashusha jembe. "Kulala kule nimekubali, mama atabaki na batoto. Hii kazi ikipita, nitaikamata wapi ingine? Mashamba ya batu nitalima mpaka lini? Mikono inasahau."

Jioni ile niliichapa barua yake, nikaiweka mezani, nikaigeuza juu chini, nikafinya jicho. Jicho halikuanzia kwenye maneno. Lilianzia mwisho wa barua, kwenye saini tatu na namba ya simu. Hapo nikaelewa kwamba barua zile zote zilikuwa zikijibu swali ambalo ukurasa wangu haukuwahi kuliuliza: nani anakujua?

Asubuhi nilikuwa kwa Afande kabla hajafungua madirisha. Nilimwekea manila mpya mezani. Nyota nyekundu haikuwepo. Mahali pa cheti paliandikwa: Nani aliwahi kukuona ukifanya kazi hii? Jina na simu yake.

"Hapana," Afande alisema. "Mtu ataandika shemeji yake. Shemeji atasema huyu ni malaika."

"Na cheti je, hakidanganyi?"

Afande alikuwa karani zamani, alijua vyeti.

"Jeshini mlijuaje," nikamwuliza, "kama askari anaijua bunduki? Mlimwomba karatasi?"

"Karatasi ya nini? Unaweka bunduki chini. Unasema fungua. Anaifungua. Unasema rudisha. Anairudisha. Kama kipande moja imebaki chini, huyo ni..." Akakatiza maneno yake mwenyewe. Akanitazama, kisha akaitazama manila. Akachukua kalamu nyekundu, na chini ya swali langu akachora kitufe kikubwa, kikubwa mno, kikapita ukingo wa kipande. Ndani yake akaandika neno moja: NIPIMENI.

"Nani amemwona, na apimwe," alisema. "Bila hiyo mbili, hapana."

Vijana wangu, mmenisifia kitufe hicho kwa miaka, mkaniambia jinsi wasio na cheti wanavyokigusa na mwajiri akaona mbele ya jina lao: yuko tayari kupimwa. Nilikipunguza ukubwa, nikakipa rangi. Lakini kilichorwa na mteja, kwa kalamu niliyokuwa nikiichukia. Msiwaogope wateja wenye kalamu nyekundu. Waulizeni tu maswali yanayotoka kwenye maisha yao.

Siku ileile nilimwita Nabintu kwa simu, akaja na jina la shahidi: Mama Sifa, jirani yake wa zamani kule kwao, ambaye sasa anaishi Rubondo, upande mwingine wa Nakivale. Afande aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Nyabo, mama, wewe unajua Nabintu?"

"Ule mwanamuke!" sauti ikapanda. "Alikatala maziwa yangu mara mbili! Mbele ya batu! Nilirudi na kopo ku kichwa, batoto banacheka."

Nabintu aliangalia sakafu. Mimi niliangalia ukuta. Afande akauliza taratibu, "Alikataa kwa nini?"

Kuku alilia upande wa pili wa simu.

"Nilikuwa nimeongeza mayi ya mutoni," Mama Sifa alisema. "Kidogo tu. Kikombe. Ule mwanamuke aliona kikombe mu kopo muzima." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Kama munatafuta mutu wa maziwa, mukamate ule. Miye sitamuletea tena, lakini mumukamate."

Afande alikata simu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayajakauka akampigia msimamizi wa Bwizibwera. "Mzee, ninakuletea mtu. Cheti hana. Mpime kesho."

Ijumaa asubuhi niliingia na Nabintu kwenye kituo cha maziwa. Msimamizi alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti jeupe na mashaka mengi. Alipanga makopo matano sakafuni. "Haya, dada wa kwaya," alisema; nikajua Afande alikuwa amesimulia. "Sema ipi mbaya."

Nabintu aliosha mikono. Alifungua kila kopo akainamisha uso, macho yamefungwa, akakaa hapo kama mtu anayesikiliza. Kisha akadondosha ndani yake kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha kama maziwa yana maji, akangoja kitulie, akasoma. Mikono yake ilikuwa na sugu za jembe, lakini ilikishika kile kioo kama yai. Kopo la pili akalisukuma pembeni. "Hii iko na mayi."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyatia maji yale mwenyewe. "Vizuri. Imekwisha."

"Bado," Nabintu alisema. Akarudi kwenye kopo la nne. Akanusa tena. Akaomba spiriti, ambayo hugandisha maziwa yaliyoanza kuharibika, akachanganya kidogo kwenye kikombe, akakizungusha polepole kwenye mwanga wa dirisha. "Na hii. Imeanza kuchachuka."

Msimamizi alichukua kikombe akakitazama. "Mimi sioni kitu."

"Iko vijidonge. Vidogo sana. Iangalie pembeni."

"Dada, hii kopo ni ya mtu mkubwa hapa. Analeta kila siku. Niliweka mbovu moja, si mbili. Wewe unajua kazi ama unabahatisha?"

Nilitaka kumkanyaga Nabintu mguu. Moyoni nikasema: sema umekosea, mwanangu. Sema tu, upate kazi. Nabintu alikausha mikono kwenye kitenge chake.

"Mzee, ukiimwaga hii mu tanki, kesho tanki muzima itakuwa mubaya. Ni kopo yako. Ni tanki yako. Miye nimesema."

"Nitapiga simu," msimamizi alisema, na alisema kwa namna ambayo watu husema wasipotaka kupiga.

Tulirudi Mbarara kwa Afande. Nabintu alikaa kwenye kiti kilicho karibu na ukuta, mikono imelala mapajani, viganja juu. Nilianza kupanga maneno ya kumfariji, na kila neno nililolipata lilikuwa na harufu ya uongo. Afande alifungua faili, akafunga, akafungua lilelile.

Simu ililia saa nane na nusu. Afande aliipokea amesimama.

"Ndiyo, mzee... Ndiyo... Ulichemsha?" Akaniangalia. "Ikakatika yote? Yote? ... Hapana, mimi sicheki. Nimesema sicheki." Alikuwa akicheka. "Saa ngapi? ... Leo? ... Nitamwambia."

Akaweka simu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Alichemsha ile ya nne," alisema. "Ilikatika, maji huku, mabonge huku. Yule mtu mkubwa amekasirika sana, msimamizi anasema na akasirike. Nabintu, anakutaka. Maziwa ya jioni inaingia saa kumi, na hana mtu wa kunusa."

Nabintu hakulia; aliyelia ni mimi. Alisimama, akakifunga kitenge upya kiunoni, mafundo mawili, akauliza kama anaweza kumpigia mama yake. Alisema kwenye simu maneno machache ya kwao, nikashika moja tu, la watoto. Kisha akachukua mfuko wake.

"Kaa kwanza, kunywa chai," Afande alisema. "Iko tayari. Iko na maziwa."

Nabintu alikiinua kikombe mpaka puani, akanusa, akakirudisha mezani kwa heshima.

"Aksanti, Afande. Iko muzuri. Lakini nikikunywa, nitachelewa."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauachia, akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.